MAYAI YAKO YAJULIKANE
Namna ya kupata wanunuzi kwa fedha kidogo

Wakulima wengi wa skimu wamekwisha kujifunza kufuga kuku wa mayai, nao wanafuga vizuri. Nyumba ya kuku ni safi, maranda ni makavu, chakula kinapimwa kila asubuhi. Lakini mayai yakiisha kukusanywa huwekwa ndani kungoja broka apite na pikipiki yake, naye ndiye asemaye bei. Akisema bei imeshuka, basi imeshuka. Mwenye kuku hana la kujibu, kwa maana hamjui mtu mwingine wa kumwuzia, na mayai hayawezi kungoja ghalani kama mahindi.

Wafugaji wa namna hii wakija katika ofisi ya kilimo, wengine huuliza kama kuna mkopo wa kufanyia matangazo. Wameona maduka makubwa ya mjini yakitangaza kwa redio na kwa mabango ya rangi, nao wadhani mtu hawezi kujulikana kwa njia nyingine. Mimi naona mfugaji mwenye kuku 50 au 100 asikope hata senti moja kwa kazi hiyo. Fedha anazohitaji hazizidi bei ya trei mbili za mayai. Anachohitaji zaidi ni daftari, siku maalum za kupeleka mali, na mayai yaliyotagwa jana.

Nimechagua kuandika juu ya mayai kwa sababu kuku hawahitaji eka nyingi. Mashamba ya skimu zilizoanza mwaka 1962 na baadaye yamegawanywa mara nyingi kati ya watoto na wajukuu, na wako watu wanaolima sasa robo ya kile alichopewa babu yao. Lakini mwenye maziwa, asali au sukuma wiki aweza kuyatumia mengi ya maneno haya pia.

HESABU KWANZA

Tumchukue mama mwenye kuku 60 wanaotaga. Kuku wakitunzwa vema, katika kila kuku 10 huenda 7 wakataga kwa siku moja. Kwa hivyo atapata mayai 42 kwa siku, yaani 294 kwa juma. Tutoe 24 yaliyovunjika, yaliyochafuka, na yale ya watoto nyumbani. Yabaki 270, ambayo ni trei 9.

Kila kuku hula kama gramu 120 za chakula kwa siku. Kuku 60 watakula kilo 7 na gramu 200 kwa siku, na kwa juma kilo 50 na kidogo. Bei hubadilika kutoka mahali hata mahali, kwa hivyo hizi nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka za kwako. Tuseme kilo ya chakula ni shilingi 50. Chakula cha juma moja ni shilingi 2,520. Broka hulipa shilingi 300 kwa trei. Trei 9 ni shilingi 2,700. Huyu mama amebaki na shilingi 180 kwa kazi ya siku saba, na bado hajahesabu dawa wala maranda.

Sasa tuseme ameuza trei 4 kwa vibanda vya chai kwa shilingi 340, trei 3 kwa nyumba za walimu na wauguzi kwa shilingi 380, na zile 2 zilizobaki amempa broka kama zamani. Amepata 1,360, na 1,140, na 600. Jumla ni shilingi 3,100. Akilipa chakula, amebaki na shilingi 580. Angalieni jambo hili vizuri. Bei ya mayai yake haikupanda sana, lakini fedha inayobaki mkononi imezidi mara tatu. Kuku ni wale wale na chakula ni kile kile. Katika fedha hiyo ndimo hutoka karo, na ndimo hutoka malipo ya shamba kwa wale ambao bado wana deni la skimu na hawajapata hati yao.

Lakini kuna mtego. Kama atapanda boda boda mara mbili kwa juma kwa shilingi 100 kila safari, atakuwa amerudisha nusu ya faida ile, na barabara mbaya itamvunjia mayai juu yake. Kwa hivyo siku za kupeleka mayai ziwe ni siku ambazo mtu wa nyumbani anakwenda njia hiyo hata hivyo, ama kupeleka maziwa, ama kwenda sokoni.

UNAUZA NINI HASA?

Swali hili laonekana la kitoto. Utajibu kwamba unauza mayai. Lakini mayai yako tele katika kila duka. Mengi huletwa kwa malori kutoka mbali, mengine kutoka Uganda, na mara nyingi ni ya bei rahisi kuliko yako. Ukishindana nayo kwa bei utashindwa, kwa sababu wenye malori hununua maelfu na wewe una trei 9.

Jambo moja wasiloweza wao ni kuleta yai lililotagwa jana. Yai la lori limekaa kwa mfugaji, likakaa kwa mwenye ghala, likakaa njiani, kisha likakaa dukani. Lako limetoka kiotani jana mchana. Huo upya ndio unaouza, na matangazo yako yote yaseme habari hiyo tu.

Tena unaweza kuuonyesha kwa macho, bila gharama. Chukua gilasi ya maji. Tia yai lako ndani yake mbele ya mnunuzi. Yai jipya litalala chini kwa ubavu. Lililokaa siku nyingi litainuka upande wake mnene, na lililokaa zaidi litasimama wima. Yai la zamani sana huelea. Sababu yake ni kwamba ganda la yai lina vitundu vidogo sana visivyoonekana. Maji ya ndani hutoka polepole kwa njia hiyo na hewa huingia, nayo hukusanyika upande ule mnene. Kadiri siku zinavyopita ndivyo hewa inavyozidi. Mwenye kibanda akikuona unafanya hivyo, hatakawia kutia mayai ya duka katika gilasi ile ile. Usimwambie neno, mwache atazame mwenyewe. Yai ulilolitia maji lipikwe pale pale, usilirudishe katika trei, kwa sababu ganda lililoloweshwa huruhusu uchafu kuingia.

Bila shaka haifai kuonyesha hivyo kama nyumbani kazi haiendi sawa. Kusanya mayai mara tatu kwa siku, usiyaache kiotani mpaka jioni. Weka maranda mapya katika viota. Usioshe mayai, yaliyochafuka yale nyumbani. Yaweke mahali penye ubaridi na kivuli, upande mwembamba ukielekea chini. Jogoo asikae na kuku wa mayai ya kuuza, maana yai lisilo na mbegu halianzi kuota kifaranga likipata joto. Na kama kuku wamepewa dawa, soma karatasi ya dawa au mwulize afisa wa mifugo ni siku ngapi mayai hayaruhusiwi kuliwa, wala usiyauze siku hizo hata kama wanunuzi wanakungoja. Waambie sababu. Mnunuzi akijua kwamba ulikataa fedha yake kwa ajili ya afya ya watoto wake, hatakwenda kwa mwingine upesi.

Nikumbushe pia habari ya mayai ya kienyeji. Wanunuzi wengi huyapenda na huyalipia zaidi, na wauzaji wengine huyapa mayai ya kisasa jina hilo kwa kuwa kiini chake ni cha manjano. Rangi ya kiini yatokana na chakula, kama majani mabichi na mahindi ya manjano, si kabila la kuku. Ukiuza la kisasa, sema ni la kisasa. Centa ni ndogo na watu hupashana habari.

NANI HULA MAYAI KILA JUMA?

Wafugaji wengi hukosea hapa. Hubeba trei kichwani, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiuliza kila mtu. Jioni hurudi wamechoka, wameuza mayai manane. Afadhali ukae kwanza na karatasi, uandike ni nani karibu nawe anayenunua mayai juma hata juma, avumaye na asiyevuma.

Kibanda cha chai kinachouza chapati na mayai ni mnunuzi mkubwa kuliko kinavyoonekana. Vilevile kijana anayetembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari stendi ya matatu. Huyu haombi upya tu, aomba pia mayai yenye ukubwa sawa, kwa sababu yeye huuza kila yai kwa bei moja. Mchagulie ya kadiri, na yale makubwa uyapeleke kwa nyumba za walimu, watakaoyafurahia. Chumba cha walimu shuleni ni mahali pazuri sana, kwa maana watu 15 wako pamoja saa nne wakinywa chai, nawe hulazimiki kutembelea nyumba 15. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu kwanza. Zahanati na ofisi ya chifu ni vivyo hivyo. Kisha kuna mama waokao keki za harusi, ambao hununua trei nne kwa siku moja halafu wakanyamaza mwezi mzima; waandike katika daftari lakini usiwahesabu kila juma.

Ukimfikia mnunuzi kwa mara ya kwanza usianze kusifu kuku wako. Uliza. Je, anatumia mayai mangapi kwa juma? Siku gani huishiwa? Ni kitu gani kinachomwudhi kwa yule anayemletea sasa? Andika majibu. Mara nyingi utasikia kwamba bei haimwudhi sana. Kinachomwudhi ni kwamba muuzaji leo yupo, kesho hayupo. Mwenye kibanda akikosa mayai Jumatatu asubuhi, wateja wake huhamia kibanda cha jirani. Kwa hivyo ukimwahidi Jumatatu kabla ya saa moja, ufike Jumatatu kabla ya saa moja, hata mvua ikinyesha. Ukifanya hivyo kwa miezi miwili, yeye mwenyewe atawaambia wengine bila kulipwa.

SHILINGI 500 ZA KUANZIA

Kwa bei zangu za mfano, shilingi 500 zatosha. Mayai 12 ya kuonjesha yana thamani ya shilingi 120 kwa bei ya broka. Mpe kila mwenye kibanda mawili, si zaidi. Mwenye haja atanunua, na asiye na haja utamshibisha bure. Daftari ni shilingi 50, na penseli 20. Penseli ni ya kuandika tarehe juu ya kila yai siku lilipotagwa. Usitumie wino. Kazi hii ni ya dakika chache jioni, na watoto huipenda. Tarehe ile hukaa jikoni kwa mnunuzi siku nzima ikimwambia jambo ambalo bango la barabarani haliwezi kumwambia. Lakini ukiandika tarehe, iwe ya kweli.

Shilingi 200 ziende kwa kibao. Tafuta ubao wa zamani na rangi iliyobaki ya mtu. Maneno yawe machache na herufi ziwe kubwa, za kusomwa na mtu aliye juu ya pikipiki: MAYAI MAPYA, JUMATATU NA IJUMAA, kisha namba ya simu. Hakuna haja ya picha ya kuku wala neno la Kiingereza. Kipigilie katika ua wako mwenyewe. Kaunti nyingi hutoza ada kwa vibao vya matangazo, na ardhi ya kando ya barabara kuu ina wenyewe, kwa hivyo uliza katika ofisi ya wadi kabla hujakisimamisha penginepo. Uliza pia habari ya leseni na ushuru wa soko kama unakusudia kukodi kibanda katika centa. Ni aibu kupata faida ya mwezi mzima ikaishia katika faini.

Shilingi 100 ziwe za simu. Zimebaki 10, nunua chumvi.

SIMU NA DAFTARI

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mfugaji wa skimu aweza kulipwa na mwalimu aliye mbali bila kumfuata. Hii ni faida kubwa. Lakini tazama salio lako kila mara, usitosheke na ujumbe ulioonyeshwa katika simu ya mnunuzi, kwa maana wako wadanganyifu wanaotunga ujumbe wa uongo.

Simu hufaa pia kwa kutangaza. Jioni kabla ya siku ya kupeleka, tuma ujumbe mfupi kwa wanunuzi wako: nina trei za kesho, zilizotagwa jana na leo, nani anataka? Mara moja kwa kila siku ya kupeleka yatosha. Mtu akipata ujumbe wako kila asubuhi atauzima bila kuusoma. Kama mko katika kundi la WhatsApp la chama au la kanisa, omba ruhusa kwa wenye kundi, na picha utakayoituma iwe ya mayai yako yenyewe. Wengine huchukua picha za mashamba ya ng'ambo yenye mayai yanayong'aa kama sahani. Mnunuzi akiona trei halisi atadhani ameibiwa.

Sasa daftari. Gawanya ukurasa: jina, tarehe, trei, fedha, deni. Ongeza safu moja nyembamba, na kila mnunuzi mpya akija mwulize alikusikia wapi. Kama aliona kibao andika K. Kama ni simu andika S. Kama aliambiwa na mtu andika M. Mwisho wa miezi mitatu hesabu herufi. Huenda ukaona M 11, S 4, K 1. Basi usipake kibao rangi tena. Chukua fedha hiyo uwape wale waliokuletea watu mayai mawili ya shukrani. Makampuni makubwa hulipa wataalamu kuwafanyia hesabu ya namna hii. Wewe utaifanya kwa penseli.

Juu ya madeni sitasema mengi. Walimu hulipa mwisho wa mwezi, na huwezi kuwakataza. Lakini weka mpaka wa trei mbili kwa kila mtu, na aliye na deni la mwezi uliopita asiandikiwe jipya. Kwa hesabu yetu ya juu, trei moja isiyolipwa hula zaidi ya nusu ya faida ya juma zima. Ni gharama kubwa kuliko kibao na simu pamoja, ila haionekani.

Na mtu akikurudishia yai bovu, usibishane. Mpe mawili mbele ya watu. Umepoteza shilingi 20.

MKIWA WENGI

Siku moja shule ya bweni itataka trei 30 kwa juma, na kuku wako hawatoshi. Usikatae, wala usinunue mayai ya lori ukayachanganya na yako. Zungumza na majirani watatu au wanne wafugao kama wewe, mpatane juu ya ukubwa wa mayai, siku ya kukusanya na tarehe ya penseli. Kila trei iwe na alama ya mwenyewe ili ijulikane kosa limetoka wapi. Kazi ya namna hii huanza polepole. Chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa Githunguri, katika Kiambu, kilianzishwa mwaka 1961 na wafugaji wadogo 31. Kiwanda chao cha maziwa, pamoja na jina la Fresha ambalo watu wa Nairobi hulijua, vilikuja mwaka 2004. Kwa miaka 43 walikuwa na maziwa na madaftari kabla ya kuwa na jina kwenye pakiti.

Shule hufungwa mwezi wa Aprili, Agosti, na kuanzia Novemba, na wakati huo mnunuzi mkubwa hutoweka kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo nusu ya mayai yako, hata ukipata shule mbili, yabaki kwa vibanda na nyumba. Na broka usimtukane. Utamhitaji mwezi wa Agosti.

Mwisho ni habari ya kuku wenyewe. Wakifika wiki 75 au 80 tangu kuanguliwa, utagaji hupungua mpaka chakula kikawa ghali kuliko mayai. Mfugaji huwauza wote, kisha akanunua vifaranga na kungoja karibu miezi mitano bila yai. Katika miezi hiyo wanunuzi wote aliowatafuta wamekwisha kuhamia kwa mwingine, na itamlazimu kuanza upya na gilasi ya maji. Basi kuku wako wakifika wiki 55, agiza vifaranga vipya, uwalee katika nyumba yao peke yao, mbali na wakubwa. Mwezi mmoja kabla ya kuwaondoa kuku wazee, waandikie ujumbe wanunuzi wale wale wa mayai kwamba kuna kuku wa nyama. Ukipanga siku zako vizuri ujumbe huo utawafikia katikati ya mwezi wa Desemba.